Chai Yetu, Udongo Wetu, Buli la Nani?

Leo siongelei bumu lililochelewa wala maji yaliyokatika bwenini. Hayo yana waandishi wake, tena wanayaandika vizuri kuliko mimi. Naomba tuongee kuhusu buli. Ndiyo, buli, kile chombo cha chai chenye tumbo, mkono, kifuniko na mdomo. Wengine mnaliita birika na sitagombana na mtu, ingawa kwetu nyumbani birika ni la kuchemshia jikoni na buli ni la kuletea wageni mezani.

Hoja yangu ni moja, na naiweka mapema ili mwenye haraka aondoke nayo. Sisi tunaosomea ualimu tunakwenda kufundisha katika nchi iliyoamua kwamba sekondari iwe na mkondo wa amali. Katika nyanda zetu hizi, mwalimu wa ufinyanzi anayetushinda sote tayari yupo. Anaishi ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ameshika udongo tangu utotoni, na hana cheti. Nasema aitwe darasani, na somo la kwanza liwe buli.

Najua mtauliza kwa nini buli na si chungu. Nitafika huko. Kwanza tutazame meza zetu.

Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya chai. Mimi ni mtoto wa Rungwe, nimekua nikiona akina mama wakirudi na vikapu vya majani mabichi na magari yakiyakimbiza kiwandani Katumba kabla hayajaharibika. Nilipokuja kusoma Iringa nikakutana na wenzangu wa Mufindi, nao wana habari zilezile: mashamba ya kijani yaliyokatwa sawasawa kama nywele za jeshi, baridi ya asubuhi, na ukungu. Miaka nenda rudi chai yetu nyingi imekuwa ikipakiwa kwenye mifuko mikubwa na kwenda mnadani Mombasa, huko inachanganywa na za wengine na kupewa majina ya makampuni. Hilo tumeshalizoea.

Ila hata kile kidogo tunachobaki nacho tunakinywea nini? Ingia nyumba yoyote kuanzia Uyole mpaka Kihesa. Mezani utakuta chupa ya chai yenye maua mekundu. Kabatini, nyuma ya kioo, utakuta seti ya kauri: buli moja, vikombe sita, visahani sita, havijawahi kushika chai tangu harusi ya mwenye nyumba. Geuza chini usome. Imetengenezwa China. Majani ni yetu, maji ni yetu, maziwa ni ya ng'ombe wa jirani, sukari pengine ya Kilombero, lakini chombo kinachoviunganisha vyote kimevuka bahari.

Sina ugomvi na Wachina. Kwenye mambo ya buli wao ni walimu wa dunia, na nitawatumia kama mfano. Mimi mwenyewe ninakusanya mabuli. Ninayo saba, yamepangwa juu ya meza ya kusomea, na wenzangu chumbani wameshanibatiza "Mwalimu Birika". Lipo la bati jeupe lenye ukingo wa bluu, lililobanduka rangi mdomoni, la bibi yangu. Lipo la sufuria, zito, la kuuzia chai kijiweni. Lipo la kauri lenye joka, nililolipata kwenye mitumba Mwanjelwa bila kifuniko. Lipo dele la shaba, lile la kahawa lenye mdomo mrefu kama la watu wa pwani, ambalo mjomba aliniletea kutoka Tanga. Lipo la kauri nyeupe lililopona katika seti iliyovunjika. Na yapo mawili ya udongo kutoka kwa Wakisi, na hayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Ukikusanya kitu unaanza kukisoma. Hata majina yana safari zake. Birika ni neno lililotujia kutoka kwa Waarabu. Wareno nao chombo cha chai wanakiita "bule", na wewe mwenyewe unasikia lilivyo jirani na buli letu. Maana yake ni kwamba chombo hiki siku zote kimekuwa cha wageni na wasafiri. Swali ni lini na sisi tutakiongezea kitu chetu.

Sasa tuwageukie Wakisi. Kwa ambaye hajafika, hawa ni watu wa pembe ya kaskazini mashariki ya Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone. Ukishuka kutoka Tukuyu kwenda Matema, wilaya ya Kyela, baridi inakuacha njiani na joto la ziwa linakupokea. Matema yenyewe watu wanaijua kwa ufukwe. Lakini sogea kidogo hadi Lyulilo, penye soko la vyungu, au panda mtumbwi uende Ikombe, utaona kazi ambayo imefanywa na wanawake wa pale kizazi baada ya kizazi. Vyungu vya Wakisi vina kuta nyembamba na umbo la duara lililotulia, vimepakwa udongo mwekundu na kuchorwa michirizi myeupe. Vinafinyangwa kwa mkono, bila mashine yoyote, na kuchomwa motoni nje. Utavikuta vinauzwa Kyela, Tukuyu hadi Mbeya mjini, na watalii wanavibeba mpaka kwao.

Wanaofinyanga ni mama zetu na bibi zetu. Mabinti wao, kwa niliowakuta, wanataka kwenda Mbeya mjini kuuza vocha au kusuka nywele. Siwalaumu hata kidogo. Chungu kinachomaliza siku kadhaa za kuchimba udongo, kuukanda, kufinyanga, kukausha na kuchoma, kinauzwa bei ya chips kavu sahani mbili. Na kwenye jiko la gesi la mjini, sufuria inakishinda. Ukiwa binti wa miaka kumi na saba, hesabu hiyo unaifanya haraka kuliko mwalimu wa hisabati.

Ndiyo maana nilipeleka wazo la buli. Likizo iliyopita nilikwenda Lyulilo nikamwonyesha mama mmoja mfinyanzi picha kwenye simu. Jina lake silitaji hapa, kwa sababu anayestahili kuliandika kwanza ni yeye mwenyewe, chini ya kazi yake. Nilimwamkia, akaitikia, akaitazama picha, akacheka. "Mwanangu, hiki chungu kina pua ya tembo." Kisha akanyamaza, akaishika simu kwa mikono miwili, akaanza kuniuliza maswali ambayo profesa angeyapenda. Pua inaungana wapi na tumbo? Ndani kuna tundu moja au mengi? Mkono unabeba uzito wote au mtu anashika na chini? Kifuniko kinazuiwa na nini kisidondoke wakati wa kumimina?

Buli la kwanza lilipasuka pale pua inapoungana na tumbo, hata kabla ya kuchomwa. Akaligeuza, akalitazama, akasema pua imekauka kabla ya tumbo. Udongo ukikauka unasinyaa, na sehemu mbili zikisinyaa kwa kasi tofauti lazima ziachane. Safari ya pili aliipaka sehemu ya kuungia uji wa udongo, akaifunga pua kwa jani bichi la mgomba ili isikimbilie kukauka, akaliacha buli kivulini. Halikupasuka. Hakuna aliyemfundisha hilo. Alilitambua tatizo, akakisia sababu, akajaribu, akathibitisha. Wenzangu wa sayansi, tunaloliandika kwenye ripoti za maabara kwa vichwa vya habari vitano ndilo hilohilo.

Hapa ndipo ninapojibu kwa nini buli na si chungu. Kufinyanga chungu yeye anakujua hata akifumba macho. Buli linamlazimisha mfinyanzi aliyebobea kufikiri upya, na linampa mwanafunzi asiyejua chochote masomo matatu kwa mpigo.

Chukua fizikia, ambayo ndiyo ninayosomea kufundisha pamoja na hisabati. Ncha ya mdomo wa buli isiwe chini ya ukingo wa tumbo, la sivyo ukilijaza chai inamwagika yenyewe. Kwa nini? Kwa sababu maji katika vyombo vilivyounganika hukaa usawa mmoja. Kila kifuniko cha buli zuri kina tundu dogo. Liziba kwa kidole, umimine: chai inatoka kidogo, kisha inakata. Achia kidole: inatoka tena. Hiyo ni kanieneo ya hewa, na imeeleweka kwa nusu dakika. Kwenye shule niliyofanyia mazoezi ya kufundisha, vijana walikariri maana ya kanieneo neno kwa neno na hawakuweza kunitajia mfano hata mmoja wa nyumbani. Nilipoleta lile buli la joka nikafunika juu kwa karatasi ya nailoni niliyoitoboa tundu moja, darasa lote lilitaka kujaribu.

Chukua kemia na jiografia: udongo upi unafinyangika na upi hautaki, na moto unabadili nini. Chukua historia: majani yaliyotoka China, mashamba ya wakoloni, hadi mkulima mdogo wa Rungwe. Chukua biashara: gharama, bei, soko. Sidhani kama kuna zana ya kufundishia inayouzwa dukani inayofanya kazi zote hizi, na hii ikivunjika vipande vyake vinasagwa na kurudi kwenye udongo mwingine.

Sasa wapinzani wangu, nao wapo, tena wengine tunalala chumba kimoja.

Wa kwanza anasema buli la udongo litavuja. Yuko sahihi, na tusidanganyane. Moto wa wazi kwa kawaida hauvuki sana nyuzi 900 za selsiasi, na udongo uliochomwa hivyo unabaki na vinyweleo. Kwa mtungi, hiyo ni sifa: maji yanatoka jasho, jasho linakauka, maji ya ndani yanapoa. Kwa chungu cha kupikia pia ni sifa, maana vinyweleo vinakisaidia kuvumilia moto bila kupasuka. Kwa buli la chai ni kasoro. Ili lishike chai vizuri linahitaji tanuru lenye joto kubwa zaidi, la nyuzi 1,200 hivi kwa vyombo vigumu, na ule ute wa kioo unaopakwa juu kabla ya kuchoma. Kwa hiyo kwa sasa mabuli yangu mawili ya Kikisi ni pambo. Sioni aibu. Ile seti ya kabatini kwenu nayo ni pambo, tofauti ni nani aliyelipwa. Na tanuru ni kitu kinachojengeka. Kama shule ya amali inaweza kununua mashine za kushonea na za kuchomelea vyuma, inaweza kujenga tanuru.

Wa pili anasema soko halipo. Huyu namwomba atembee mjini Iringa. Vikapu vya Iringa, vile vya majani ya milulu wanavyosuka akina mama wa Kihehe, zamani vilikuwa vya kubebea nafaka na kuchekechea pombe. Leo vinauzwa Ulaya na Marekani kama mapambo ya ndani, na vinaitwa kwa jina la mkoa. Hapohapo mjini kuna Neema Crafts, iliyoanza mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ambako watu wenye ulemavu wanaishi kwa kazi za mikono yao. Soko halikuwasubiri limeiva. Kuna watu walilitafuta.

Wa tatu ndiye mgumu. Anasema: huyo mama hana cheti, atafundishaje? Hapa ndipo penye roho ya jambo lenyewe.

Tuangalie wengine walifanyaje. Katika mji wa Yixing, China, mabuli ya udongo wa zambarau yamefinyangwa tangu enzi ya Ming, na mfinyanzi hupiga muhuri wa jina lake chini ya buli. Mkusanyaji hanunui buli tu, ananunua mkono wa fulani. Nigeria, mfinyanzi wa kijijini aliyeitwa Ladi Kwali aliingia katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja katika miaka ya 1950, akafanya maonyesho ng'ambo, na leo picha yake iko nyuma ya noti ya naira 20. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1950, alikuwa anasoma sanaa Uingereza na bado akaenda Abuja kujifunza kwa wanawake hao. Baadaye akawa profesa, na mwaka 2018 akawa mkuu wa chuo kikuu cha sanaa hukohuko Uingereza. Nani alimfundisha nani? Aliyekuwa na elimu ya chuo alikwenda kukaa chini mbele ya asiyekuwa nayo, na hakupungukiwa kitu.

Na tusiende mbali. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alikuwa anachora kwenye vipande vya ubao kwa rangi za kawaida za dukani jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo mzima wa uchoraji unaitwa kwa jina lake, kwa sababu jina lilibaki juu ya kazi. Vyungu vya Wakisi vina jina la kabila, na hilo ni zuri, lakini mama aliyefinyanga hiki na aliyefinyanga kile wote wamekuwa "Wakisi" tu. Mtu asiye na jina ni rahisi kumlipa kidogo, na haiji akilini kumwita mwalimu.

Kuhusu cheti, njia ipo. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi anapimwa kwa kazi yake, anajazwa mapengo, anapewa cheti. Waashi na mafundi seremala wamepita humo. Mfinyanzi naye apite. Mtaala ulioboreshwa umeanza kutumika tangu 2024 na mkondo wa amali umo ndani yake. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, na sisi kozi ya ualimu tunaijibia maswali ya mitihani kila mwaka. Itakuwa kichekesho tupate alama A kwa kueleza kwamba shule isitengwe na jamii, kisha tupangiwe shule ya Kyela tufundishe ufinyanzi kwa ubao na chaki, wakati mfinyanzi anapita nje ya dirisha na vyungu kichwani.

Tena mjue jambo moja. Amali isipokuwa na mikono ya watu kama hawa itageuka kuwa somo la kukariri kama mengine. Mtoto ataandika hatua sita za ufinyanzi, atapata alama, na hatajua kwamba pua ya buli ikikauka kabla ya tumbo inapasuka. Na siku yule mama atakapokwenda, jani la mgomba litakwenda naye.

Nimalizie na mambo matatu yanayowezekana bila kusubiri wizara.

Moja, serikali ya wanafunzi iache kuwapa wageni rasmi zile ngao za plastiki zenye maandishi ya dhahabu. Mgeni akija, apewe buli la udongo, na mfinyanzi awe ameandika jina lake chini. Mahafali moja tu yanatosha kumpa mama mmoja kazi ya miezi.

Mbili, sisi tutakaokwenda kufundisha Kyela, Rungwe, Mufindi na kwingineko, tumwalike fundi mmoja wa kijiji angalau mara moja katika muhula, asimame mbele ya darasa, nasi tukae nyuma na daftari. Walimu wakuu wengi hawatakataa wakiombwa vizuri na nauli ikiwa imechangwa.

Tatu, Boma la Iringa, lile jengo la Wajerumani ambalo ni makumbusho tangu 2016, liko hatua chache kutoka sokoni. Tuwaombe kona moja kwa wiki moja, kila Mei 21 inapokaribia, ambayo ni siku ya chai duniani. Tupange mabuli: ya kwenu, ya kwangu, na ya Kikisi. Mimi natoa yote saba, na lile la joka naomba mwenye kifuniko cha ukubwa wake ajitokeze.

Mama wa Lyulilo ameshaniambia kwamba akipata oda ya mabuli kumi atamwita binti yake arudi amsaidie. Kumi tu. Chumba chetu kina watu wanne, korido yetu ina vyumba kumi na viwili. Nipo mlango wa mwisho kushoto, daftari la oda liko wazi.